Vumbi, oili na mkataba: Kwa nini pikipiki hazidumu Nachingwea na Ruangwa

MTU anayefika Nachingwea au Ruangwa wakati wa kiangazi hana haja ya kuuliza njia za kwenda vijijini. Ataziona kwa mawingu ya vumbi jekundu yanayonyanyuka nyuma ya kila pikipiki inayotoka mjini kuelekea Kilimarondo, Naipanga, Mbekenyera au Mandawa.

Katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi, pikipiki si chombo cha starehe. Ndiyo inayomkimbiza mjamzito Hospitali ya Mnero usiku wa manane, ndiyo inayofikisha gunia la korosho kwenye ghala la chama cha msingi, na ndiyo inayompa riziki kijana aliyemaliza shule asipate ajira.

Fedha za korosho zinapolipwa, pikipiki mpya huonekana kila kona. Baada ya misimu miwili, baadhi yake zimekwishaanza kutoa moshi wa buluu, kunywa oili na kugonga kama kinu. Wenye vyombo hivyo hulalamika kwamba pikipiki za Kichina ni mbovu, na mjadala huishia hapo.

Kauli hiyo ina ukweli kiasi, kwa sababu baadhi ya vipuri ni hafifu. Hata hivyo, injini nyingi kati ya hizo haziuawi na ubovu wa kiwanda. Zinauawa na vumbi, na oili isiyobadilishwa kwa wakati, na pia aina ya makubaliano yaliyopo kati ya mwenye pikipiki na anayeiendesha.

Nachingwea ina historia yake katika suala la mashine kufa mapema. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ambao kazi yake ilianza Kongwa mwaka 1947 na baadaye ukaenea Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yaliyotumika mwanzoni yalikuwa masalia ya jeshi, mafundi waliosomea kazi walikuwa wachache, na vipuri vilichelewa. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, ulikuwa umekwishateketeza pauni milioni 36 hivi. Sababu za kuanguka kwake ni nyingi, ukame ukiwamo, lakini mashine zilizolala kwa kukosa matunzo ni mojawapo.

Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nachingwea bado ina kata iitwayo Stesheni, ingawa hakuna treni inayosimama huko. Mzigo na abiria wakabaki juu ya magurudumu ya mpira.

Ili kuelewa namna ya kuitunza pikipiki ya sasa, inafaa kwanza kujua ilikotoka. Nyingi kati ya pikipiki za Kichina zilizoenea nchini tangu miaka ya 2000 zina injini iliyoigwa kutoka kwa Honda CG125, pikipiki ya Kijapani ya katikati ya miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda waliibuni mahususi kwa nchi ambako barabara ni mbaya, mizigo ni mikubwa na waendeshaji hawana mazoea ya kufanya matengenezo kwa wakati. Waliiacha njia ya kuendesha kam kwa mnyororo juu ya kichwa cha silinda, wakatumia vijiti viwili vya chuma vinavyosukuma valvu kutoka chini. Ni mfumo rahisi, una sehemu chache, na huvumilia mengi.

Msomaji wa mjini huenda asiamini, lakini vijiti hivyo ndivyo vinavyofanya kazi katika nyingi ya pikipiki kubwa za Kimarekani za Harley-Davidson, zile za silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V, ambazo hupita kwa kishindo Dar es Salaam mara chache na katika sinema mara nyingi. Injini hizo kubwa kwa sehemu kubwa hupozwa na upepo, na silinda ya nyuma hujificha nyuma ya mwenzake, hivyo hupata joto zaidi. Kwa sababu hiyo mwenye pikipiki ya aina hiyo huilinda oili yake kama mboni ya jicho. Ana takriban lita tatu za oili katika injini peke yake, na chujio la oili analolibadilisha kila anapofanya sevisi.

Pikipiki ya kijiweni Ruangwa ina oili takriban lita moja tu. Lita hiyo moja hulainisha pistoni, hulainisha giaboksi, huosha klachi na kusaidia kuondoa joto, kazi ambazo katika mashine kubwa hugawanywa. Zaidi ya hayo, injini ya mtindo wa CG haina chujio la oili la karatasi. Ina wavu mdogo wa waya chini ya injini, wenye springi, na kikombe kinachozunguka nyuma ya kifuniko cha klachi, ambacho hutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Wavu huzuia vipande vikubwa. Chembe ndogo za vumbi na chuma hupita na kuendelea kuzunguka na oili.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwendeshaji huona oili imepungua, huongeza kidogo, na siku zinakwenda. Kuongeza si kubadilisha. Oili mpya inayomiminwa juu ya oili chafu huchafuka siku hiyo hiyo.

Vitabu vya watengenezaji hutofautiana kuhusu muda wa kubadilisha, lakini kwa injini ya namna hii inayofanya kazi ya kubeba abiria kwenye vumbi, kilomita 1,500 ni mpaka usiofaa kuvukwa. Dereva anayetembea kilomita 80 kwa siku, siku sita kwa wiki, huzifikia kwa wiki tatu hivi. Pikipiki mpya ibadilishwe oili mapema zaidi, ifikapo kilomita 500, kwa kuwa vyuma vipya husagana na kuacha vumbi la chuma ndani ya injini.

Kazi yenyewe haichukui nusu saa. Injini iwashwe kwa dakika chache ili oili ipate moto na kuwa nyepesi, kisha boliti ya chini ifunguliwe na oili ichuruzike yote. Wavu utolewe, uoshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Wakati wa kufunga, fundi asitumie bomba refu kuongeza nguvu kwenye spana. Sehemu hiyo ya injini ni alumini. Hesi zake zikikwanguka, boliti haitashika tena na oili itavuja njia nzima. Makosa ya mkono mzito yamefungulisha injini nyingi zilizokuwa nzima.

Kupima nako kuna utaratibu wake. Pikipiki isimame wima mahali tambarare, kijiti cha kupimia kifutwe, kisha kiegeshwe tu kwenye tundu lake bila kukazwa. Anayekikaza kabla ya kusoma huona oili nyingi kuliko iliyopo.

Kuhusu aina, oili ya 20W-50 yenye alama ya JASO MA inafaa kwa pikipiki nyingi za daraja hili. Alama hiyo inamaanisha kwamba oili imepimwa kwa klachi inayoogelea ndani ya oili. Baadhi ya oili za magari, hasa zinazotangazwa kwamba hupunguza matumizi ya mafuta, huwa na viungo vya utelezi vinavyoifanya klachi iteleze: injini inapiga kelele, pikipiki haipandi kilima. Jambo jingine ni kununua chupa iliyofungwa kiwandani. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye dumu lisilo na jina inaweza kuwa oili chakavu iliyochujwa kwa kitambaa.

Baada ya oili, adui mkubwa wa wilaya hizi ni hewa yenyewe. Kila injini inapovuta pumzi huvuta vumbi, na vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu. Zikipita hadi kwenye silinda, huchanganyika na oili zikawa kama msasa laini, zikisaga ringi na kuta za silinda usiku na mchana. Moshi wa buluu unaoonekana baadaye ni oili inayopanda juu ya pistoni na kuungua kwa sababu ringi hazizibi tena.

Kazi ya kuzuia balaa hilo imekabidhiwa chujio la hewa lililo chini ya kiti au ubavuni. Inasikitisha kwamba baadhi ya waendeshaji hulitoa kabisa, wakidai kuwa pikipiki "inapata nguvu". Ni kweli injini hupumua kwa wepesi zaidi, lakini hupumua vumbi.

Chujio la sponji lisioshwe kwa petroli, kwani huoza na kubomoka, na vipande vyake huishia kwenye kabureta. Lioshwe kwa maji ya sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, likauke kivulini, kisha lipakwe oili safi kidogo na kukamuliwa tena ili vumbi linate humo. La karatasi halioshwi; hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, na likishakuwa jeusi hutupwa. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, mtu anayepita barabara za vijijini kila siku alitazame chujio lake kila wiki. Aangalie pia mpira unaounganisha boksi la chujio na kabureta. Ukipasuka, chujio safi halina faida, kwa maana hewa itapitia kwenye ufa.

Injini ikishakunywa vumbi kiasi cha kutoa moshi, dawa ni kukereza silinda na kuweka pistoni kubwa kidogo. Pistoni za ziada hupatikana kwa hatua za robo milimita, yaani 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00. Kwa kuwa si kila mji una mashine ya kukereza, wengi hununua silinda na pistoni mpya kwa pamoja. Wapo pia wanaobadilisha ringi peke yake ndani ya silinda iliyokwisha kulika, jambo ambalo ni kupoteza fedha; moshi hurudi upesi.

Mafuta ya petroli nayo yana hadithi yake. Katika vijiji vilivyo mbali na kituo, petroli huuzwa kwenye chupa na madumu kando ya njia. Ule uchakachuaji wa kuchanganya petroli na mafuta ya taa ulipungua baada ya serikali kuanza kuweka kinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata, lakini chupa ya njiani haina anayeikagua. Petroli iliyochanganywa huifanya injini igonge inapopanda mlima na kupata joto kupita kiasi. Hata ikiwa halisi, huja na maji na uchafu wa chombo. Kichujio kidogo cha plastiki kwenye mpira wa mafuta ni cha bei ndogo, na bakuli la kabureta lina skrubu ya kumwagia uchafu ambayo watu wengi hawajawahi kuigusa.

Fundi wa kijiweni hujulikana kwa anavyorekebisha valvu. Injini za vijiti huwa na mlio mwembamba wa kugongagonga, na mteja asiyeelewa huuogopa. Ili kumridhisha, fundi hukaza valvu hadi kimya kitawale. Kimya hicho ni hatari. Lazima pabaki nafasi ndogo, ambayo kwa CG125 ni milimita 0.08 injini ikiwa imepoa, ili valvu inaporefuka kwa joto iweze kufunga vizuri. Isipofunga, moto hupita pembeni yake na kuiunguza, na pikipiki hupoteza nguvu au hukataa kuwaka asubuhi. Wako mafundi wanaopimia kwa wembe kwa kukosa kipimo maalumu. Wembe una unene wa kama milimita 0.1, hivyo si kipimo kamili, ila ni afadhali kuliko kubahatisha kwa sikio.

Wenye Boxer au TVS wakumbuke kwamba injini zao ni za mfumo mwingine, wenye mnyororo wa kam ndani, na vipimo vyake hutofautiana. Fundi anayezitendea pikipiki zote kwa mazoea ya aina moja ni wa kuhojiwa.

Mnyororo wa nje husahaulika kwa sababu uharibifu wake ni wa polepole. Wengi huumwagia oili chakavu iliyotolewa kwenye injini. Oili hiyo imejaa vumbi la chuma, na katika barabara ya Nachingwea hukusanya mchanga hadi mnyororo unakuwa kama tupa. Grisi nzito nayo hufanya hivyo hivyo. Ni bora kuusafisha kwa mafuta ya taa na brashi, kuupaka oili ya gia kidogo, kisha kuifuta iliyozidi kwa kitambaa. Mlegeo wake katikati uwe wa sentimita mbili hadi tatu, ukipimwa mahali mnyororo ulipokaza kuliko pengine. Ukikazwa kupita kiasi, huvunja beringi za gurudumu. Ukilegea mno, huweza kuruka na kujisokota gurudumuni chombo kikiwa kasi. Ukiuvuta nyuma ya sproketi kubwa na kuona nusu ya jino, umekwisha. Ubadilishwe pamoja na sproketi zote mbili, maana meno yaliyochakaa huumaliza mnyororo mpya kwa muda mfupi.

Yote hayo yanahusu mfuko. Breki zinahusu roho.

Pikipiki nyingi za kazi huwa na breki za ngoma, hasa gurudumu la nyuma. Vumbi huingia humo na kujenga tabaka linaloteleza, na wakati wa masika huingia maji na tope. Liningi zikiisha, chuma husugua chuma. Dalili hazijifichi: pedali inakwenda chini zaidi kila wiki, nati ya kurekebishia imefika mwisho wa hesi zake, na mkono wa breki kwenye gurudumu umelala kuliko kawaida. Ngoma ifunguliwe, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na si kupulizwa kwa mdomo, kwani si jema kwa mapafu.

Waendeshaji wengi hawaitumii breki ya mbele kwa hofu ya kupinduka, na wengine huiacha waya wake ukiwa umekatika kwa miezi. Lakini chombo kinapofunga breki, uzito wake huhamia mbele, na ni gurudumu la mbele lenye uwezo mkubwa zaidi wa kukisimamisha. Kwenye vumbi na changarawe inataka mkono mwepesi; kuikosa kabisa ni jambo jingine. Mwenye abiria wawili wa mshikaki, kinyume cha sheria, au gunia la korosho la kilo 80 nyuma, akiteremka kilima kwa breki moja iliyochakaa, hana la kufanya ng'ombe akikatiza njia.

Mvua zinapoanza, mambo hubadilika. Vumbi hupungua, lakini pikipiki huvuka mabonde yenye maji. Ikiwa injini ilizama, isiwashwe kabla ya kutazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kuiendesha hata hadi nyumbani ni kuiua. Spoku nazo zipigwe kwa spana taratibu moja baada ya nyingine. Inayolia tofauti na wenzake imelegea, na spoku moja ikikatika zilizo jirani hufuata.

Ikiwa haya yote yanajulikana, na gharama zake ni ndogo ukilinganisha na bei ya silinda mpya, kwa nini hayafanywi? Jibu kwa sehemu kubwa limo katika mkataba. Vijana wengi hawanunui pikipiki kwa fedha taslimu. Huichukua kwa mwenye nacho, humlipa hesabu kila siku, na baada ya muda waliokubaliana chombo kinakuwa chao. Mara nyingi oili na matengenezo madogo ni juu ya mwendeshaji, na siku ya kukaa kwa fundi nayo hudaiwa hesabu.

Kwa utaratibu huo, kila sevisi humgharimu kijana mara mbili: fedha ya oili, na kipato cha nusu siku. Mwenye pikipiki, ambaye pengine yuko mjini au hata mkoa mwingine, huangalia hesabu ilivyoingia na si rangi ya oili. Wote wawili huahirisha. Mkataba unapofika ukingoni, tajiri amekwisha kurudisha fedha yake, na kijana anakabidhiwa kwa jina lake injini inayotoa moshi wa buluu. Alilipa kila siku kwa ajili ya mali, akapokea mzoga.

Mkataba unaoandikwa unaweza kueleza mambo mawili tu yakatosha kubadili hali hiyo: kwamba siku moja katika kila wiki ya tatu haina hesabu, na kwamba oili ya siku hiyo inagharimiwa na mwenye chombo hadi umiliki utakapohama. Kwa tajiri, lita moja ya oili ni bima ya mali ambayo bado ni yake.

Wapo watakaosema kilomita hazijulikani, kwa kuwa waya wa mita ulikwishakatika zamani, na kweli ndivyo ilivyo kwa pikipiki nyingi za kijiweni. Petroli inaweza kuhesabiwa badala yake. Pikipiki ya aina hii yenye mzigo wa kawaida hutembea kama kilomita 40 kwa lita, hivyo kilomita 1,500 ni sawa na lita 37 au 38. Anayenunua lita mbili kila siku ya kazi, siku yake ya 19 ndiyo siku ya kumwaga oili.